Sini ya Uani

Dada Ummy alikuwa ameandika sinema tano na hakuwahi kuona hata moja ikipigwa. Akimaliza kuandika, mumewe Mfaume anachukua zile karatasi, anabeba kamera yake, anaondoka na kikundi chake kwenda Igalula au huko ng'ambo ya reli, na yeye anabaki nyumbani. Baadaye huletewa sinema kwenye flashi, anaitazama kwenye televisheni pamoja na sisi wengine tuliojazana chini kwenye mkeka. Tunacheka, tunalia, tunampongeza. Yeye anatazama tu.

Siku moja tunachambua mchele akaniambia, "Ile ya kwenye televisheni imeshaiva, Mama Kulwa. Mimi natamani niione ikiwa bado jikoni. Mtu afungue mdomo pale ulipokaa wewe, maneno yangu yatoke. Mara moja tu."

Sinema ya sita ndiyo hii ninayoisimulia.

Nyumba yetu iko Mtendeni. Ni nyumba ya Bi Mwanamkuu, mama yake Mfaume, ya zamani, kuta nene. Ukiingia mlango wa mbele unakuta ukumbi mrefu wenye giza, vyumba huku na huku, na mwisho wa ukumbi unatokea uani: jiko, bafu, kamba za nguo, ukuta umezunguka pande zote. Dada Ummy na Mfaume walikuwa na chumba kikubwa kuliko vyote, chenye mlango na dirisha vinavyotazama uani. Mimi napanga kile kidogo cha mwisho. Mume wangu Ngassa yuko Usinge kwenye tumbaku, huja akipata nafasi. Nilijifungua mapacha humo humo, Kulwa na Doto. Doto hakukaa. Usiku ule dada Ummy ndiye aliyenishika mabega, na asubuhi ndiye aliyeniambia nimnyonyeshe aliyebaki. Yeye mwenyewe hakujaliwa mtoto.

Alizaliwa Gongoni, baba yake ni Shomari aliyekuwa akitengeneza vibatari na majiko ya mkaa. Alikuwa na kaka wengi. Hao kaka walikuwa wakienda kwenye kibanda cha video, yeye hakuruhusiwa, basi anawafuata anakaa nje ya kibanda, mgongo kwenye ukuta, anasikiliza. Anasikia mlango, anasikia mtu anakimbia, anasikia mwanamke analia, hajui analilia nini. Wakirudi nyumbani anawasimulia kaka zake sinema waliyoiona wao kwa macho, nao wanaacha kula wanamsikiliza, kwa sababu yake ilikuwa nzuri zaidi. Alisoma mpaka kidato cha pili, baba akaugua, akaacha.

Mfaume alikuwa anapiga video za harusi. Alikuja kwenye harusi ya binamu wa dada Ummy, naye akamwuliza kwa nini kamera yote iko kwa bwana harusi wakati mama wa bibi harusi yuko jikoni analia na mwiko mkononi. Mfaume akaenda jikoni na kamera. Mwaka uliofuata wakaoana. Kila mtu anaijua hadithi hiyo, maana Mfaume alikuwa akiisimulia hata kwa wauza maji.

Ni Mfaume aliyemfundisha vichwa vya sini. Sini ni kipande kimoja cha sinema, mahali pamoja, wakati mmoja. Juu yake unaandika mstari mmoja kwa herufi kubwa: kwanza ndani au nje, kisha mahali, kisha wakati. Nilikuwa naviona kwenye karatasi zake.

NDANI – DUKANI KWA LIMBU – ASUBUHI

NJE – STESHENI YA IGALULA – MCHANA

"Hapo mtu wa kamera ameshajua kila kitu kabla hajasoma," dada Ummy aliniambia. "Akiona nje, anaangalia mawingu. Akiona ndani, anatafuta taa. Akiona usiku, anauliza atakula nini."

Alivipenda vichwa kuliko maneno yenyewe. Alikuwa anaviandika kwanza, kurasa nzima, vichwa vitupu, halafu ndipo anarudi kuwaingiza watu. Alisema ni kama kumfungulia mgeni mlango na kumwonyesha pa kukaa. Akishakaa, ataongea mwenyewe.

Mfaume alifariki mvua zilipoanza. Aliugua Jumatatu, Alhamisi tukamzika. Watu walijaa barazani mpaka barabarani, wakala, wakasoma, wakaondoka, na nyumba ikabaki na sisi. Dada Ummy akaingia eda, yaani ule muda wa mjane kukaa ndani, hatoki, hajipambi, wanaume wasio wake hawamwoni. Alivaa kanga zilizopauka. Simu yake aliizima kwa sababu watu wa harusi walikuwa wanaipiga kumwulizia Mfaume, kama yuko wazi Jumamosi.

Mchana alikuwa anakaa uani, kwenye mkeka, mgongo ukutani. Nilimzoesha Kulwa kutambaa kuelekea kwake. Kuna siku alikuwa hasemi neno mpaka adhuhuri, halafu anasema na mtoto peke yake. Mimi nikisogea, ananyamaza.

Ndipo akaja Octavian. Octavian alikuwa mwongozaji wa kile kikundi, kijana wa Mwanza aliyesomea mambo ya sinema Dar, mtu mzuri ila ana haraka. Zamani Mfaume ndiye aliyekuwa anachagua mahali pa kupigia na kushika kamera. Octavian alikuwa anashughulika na waigizaji tu, na nyumbani kwetu alikuwa hajafika zaidi ya barazani. Safari hii pia alikaa barazani, na mimi nikawa ninapeleka na kuleta maneno.

"Mwambie shemeji," alisema, "tunataka tupige moja ya mwisho. Kwa ajili ya Mfaume. Baada ya hapo sisi wenyewe tunatawanyika, huyu Dar, huyu Kahama. Lakini bila yeye hatuna hadithi."

Nikapeleka. Dada Ummy akamvuta Kulwa mapajani. Kisha akauliza, "Watapigia wapi?"

Nikarudi barazani. Octavian akasema popote atakapoandika.

Nikampelekea. Ndipo nikauona uso wake unabadilika, kidogo tu, kama mtu aliyesikia jina lake kwa mbali. "Basi sini moja wataipigia hapa," akasema.

Bi Mwanamkuu alikwenda kumwuliza mwalimu wa madrasa kama inafaa. Akarudi kavua viatu, kakaa, kanywa maji, sisi roho juu. "Kasema mjane akae chumbani kwake, pazia lishushwe, wanaume wasimwone. Basi. Na mimi nasema, kazi ya mwanangu iishe."

Dada Ummy aliandika kwa siku nyingi. Karatasi nilikuwa nazipeleka mimi steshenari, Kulwa mgongoni, na binti wa pale anazipiga chapa kama zilivyo. Hadithi ni ya mwanamke anaitwa Zaituni, mumewe yuko safarini kwa treni, na watu wote mtaani wanamwambia huyo harudi. Sini karibu zote ni za stesheni na dukani. Ile ya mwisho ndiyo iliyokuwa ya hapa kwetu. Zaituni anachambua mchele uani, anasikia mlango wa mbele unafunguka, anajua ni yeye, na hageuki. Anaendelea kuchambua. Mume anasimama nyuma yake. Ndipo anasema, "Maji yako bafuni. Yamepoa, ongeza ya moto." Sinema inaishia hapo.

Mimi niliposoma nilidhani ukurasa umepotea. "Hamwambii alimkumbuka?"

"Ndiyo anamwambia hivyo," akajibu dada Ummy.

Juu ya hiyo sini alikuwa ameandika:

NDANI – UANI KWA ZAITUNI – JIONI

Niliisoma, binti wa steshenari akaisoma, Bi Mwanamkuu akasomewa. Hakuna aliyeona kitu. Kwetu uani ni ndani. Ukimwulizia mtu ukaambiwa yuko ndani, unapita ukumbini unamkuta uani anaosha vyombo. Mjane tunasema amekaa ndani, na jua anaota uani. Mfaume naye alizaliwa nyumba hii. Katika sinema zote alizopiga alikuwa akisoma hivyo hivyo na anaelewa.

Dada Ummy alianza kuandaa. Aliupima mkeka, akautandika mbele ya dirisha la chumba chake, akaingia chumbani, akachungulia penye mpasuo wa pazia, akaniambia niusogeze. Nikausogeza. Akaniambia nikae, nishike ungo, nigeuze uso. "Hapana, hivyo nakuona kisogo. Geukia bafuni. Eeh. Hapo nakuona mdomo." Nilikaa na ungo mtupu, Kulwa ananivuta nywele, na nyuma ya pazia nasikia anavyohema. Sikuwa nimemsikia akihema hivyo tangu msiba.

Kamera ya Mfaume ilishaharibika, wakakodi nyingine Nzega, na ilitakiwa irudi. Wakaanza na sini za nje, siku za jua. Mimi nilikuwa nampa habari kila jioni: leo wamepiga stesheni, Theodora anayeigiza Zaituni alikanyaga msumari, wamecheka sana. Theodora ni binti wa Ipuli, anauza nguo za mitumba, na kuigiza amejifunzia kwenye kwaya ya kanisani kwao. Dada Ummy anauliza amevaa nini, ameshikaje mfuko. Maneno hakuuliza. Alikuwa anayawekea nafasi.

Halafu siku ya mwisho ya kamera kukaamka mawingu. Octavian akanipigia. "Mama Kulwa, leo mvua, nje hakuna kazi. Tunakuja kwenu kumalizia ile ya ndani. Si mko tayari?"

"Tuko tayari, kaka."

Wote tulifurahi. Ndivyo tulivyokuwa, hakuna aliyewaza. Bi Mwanamkuu akawachemshia wageni michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, dada Ummy akaoga, akaingia chumbani, akashusha pazia, akakaa kwenye ukingo wa kitanda karibu na dirisha. Nilimwona kabla hajaliachia pazia: mikono ameiweka magotini kama mwanafunzi siku ya kwanza.

Mvua ikashuka. Si manyunyu, ni ile mvua ya kwetu inayokuja na upepo inapiga bati mpaka hamsikilizani. Nilikimbia kukunja mkeka. Uani pakawa dimbwi, ungo unaelea.

Wakaja katikati ya mvua hiyo hiyo, kamera imefunikwa nailoni, taa zimefungwa kwenye mifuko ya mbolea, Theodora amejitanda koti la mtu. Wakapiga hodi, wakapita ukumbini wanadondosha maji, Octavian mbele. Akafika mwisho wa ukumbi, akasimama. Anatazama uani, maji yanashuka kutoka mbinguni mpaka chini, hakuna kizuizi. Akageuka.

"Sasa ndani iko wapi?"

Bi Mwanamkuu akamtazama. "Umeshaingia, mwanangu. Ndani ndiyo hii."

"Hapana, mama. Nauliza uani iko wapi."

"Si hiyo unaitazama?"

"Hii ni nje, mama!"

"Nje?" Bi Mwanamkuu akacheka. "Nje ni kule ulikoacha gari. Hapa mkwe wangu amekaa ndani siku zote hizi, hajatoka. Au wewe unasema anazurura nje na eda?"

Wale vijana wawili wa taa wakacheka. Mmoja akasema, "Dairekta, bibi amekufunga bao." Octavian hakucheka. Alitoa karatasi kwenye mfuko, imelowa pembeni, akaweka kidole pale juu. "Imeandikwa ndani. Mimi nikiona ndani najua pana bati, naiweka siku ya mvua. Za nje nimezimaliza siku za jua. Ningejua hii ina anga tungeanza nayo. Kamera inarudi Nzega leo, gari linanisubiri."

Bati likaendelea kupiga kelele. Kisha nyuma ya pazia sauti ya dada Ummy ikasema, "Ni mimi niliyeandika hivyo, shemeji."

Octavian akapoa. "Si kosa, shemeji. Mfaume angeelewa. Mimi si Mfaume."

"Subirini mvua iishe."

"Haiishi leo hii. Na ikiisha, uani kote maji. Angalia." Halafu akakumbuka kwamba dada Ummy anaangalia kutokea nyuma ya pazia, hakuhitaji kuambiwa. Akajisugua shingo. "Tuifanyie chumbani. Zaituni yuko chumbani, mume anaingia. Ni ile ile."

Wakaanza kutafuta chumba. Nikawafungulia changu, kitanda ukuta kwa ukuta, nepi za Kulwa zimening'inia, mtu wa kamera akaingia akatoka kinyumenyume. Cha Bi Mwanamkuu kina magunia ya mahindi. Ukumbi una giza na ni mwembamba. Kilichobaki wote tulikijua, hakuna aliyetaka kukitaja.

Bi Mwanamkuu ndiye aliyesema kwanza. "Hapana. Chumba cha mjane hakiingiwi na wanaume."

"Basi tufunge, twende," Octavian akasema polepole. "Sinema itabaki bila mwisho. Hatukupanga hivyo, mama."

Pazia likatikisika. Dada Ummy akanita. Niliingia, nikamkuta amesimama katikati ya chumba, anazungusha macho: kitanda, kabati, nguo za Mfaume bado ziko misumarini. Alishika ile kofia ya Mfaume, akaitoa kwenye msumari wake, akaiweka ndani ya kabati, akafunga. "Waambie wageukie mlango wa mbele," akasema. "Mimi nahamia jikoni. Ila waambie mlango wa chumba usifungwe. Jikoni na mlango vinatazamana. Nitaona."

Wakageuka wote, vijana wa taa na Octavian, wakatazama barabarani kama askari. Dada Ummy akajitanda kanga mpaka machoni, akatoka, akapita upenuni mwa ukuta, maji yanamrukia miguuni, akaingia jikoni. Nilimfuata na kigoda. Akakiweka palepale ambapo, mlango wa chumba ukiwa wazi, unaona kitanda mpaka ukutani.

Wakaingia. Nikasikia kitanda kinaburutwa. Taa zikawaka, chumba kikawa cheupe kuliko tulivyowahi kukiona. Nikaona nyufa za ukuta, nikaona Theodora anakaa kwenye ukingo wa kitanda, anapewa ungo. Jikoni dada Ummy akashusha kanga kidogo chini ya kidevu.

Halafu upepo ukageuka, mvua ikaingia mlangoni moja kwa moja, ikafika kwenye taa. Mtu akapiga yowe. Mlango ukafungwa.

Dada Ummy hakusogea. "Nenda wewe," akaniambia. "Ukaone. Utakuja kunieleza alivyokaa."

Nikavuka na Kulwa mgongoni, nikagonga, wakanipenyeza, nikasimama pembeni ya kabati. Octavian alikuwa anasema karibu na sikio la Theodora, kwa sababu ya bati. Sikusikia anamwambia nini. Akainua mkono. Kimya. Kijana anayeigiza mume akaanza kuingia kutokea nyuma ya pazia la dirisha, kwa kuwa mlango haufunguki, na Theodora akaanza kuinua uso. Na Kulwa akashtuka na ile taa, akalia kwa sauti yake yote.

"Mama mtoto," Octavian akasema, "tafadhali."

Nikatoka. Nilivuka uani mtoto analia, nikaingia jikoni, na dada Ummy akaniangalia usoni. Akampokea Kulwa. Akamweka begani akampigapiga mgongo, macho yake kwenye ule mlango. Chini ya mlango kulikuwa na mstari mweupe wa taa. Ukazimika, ukawaka, ukazimika, ukawaka. Sauti ya mtu hata moja hatukuisikia.

Mvua ilipopungua wakafungua. Walitoka na vitu vyao wanaharakisha, Bi Mwanamkuu anawasukumia michembe mikononi, nao wanakula huku wanabeba. Octavian akasimama mbali, kageuza mgongo kwa adabu, akapaza sauti, "Shemeji, imetoka vizuri sana! Mungu akulipe!"

"Amina," dada Ummy akajibu kutokea jikoni.

Theodora akaja jikoni kuaga. Ni mwanamke, hakuna tatizo. Alichutama mlangoni, poda imemchuruzika, amelowa na bado ana furaha ya kazi. "Dada, shikamoo. Pole na msiba. Maneno yako mimi nayapenda, sijui kama nimeyatendea haki."

"Marahaba." Dada Ummy akanipa mtoto. Akasogeza kigoda mbele. "Niambie hayo ya mwisho. Kama ulivyoyasema mle."

"Hapa?"

"Hapa hapa."

Theodora akafuta uso kwa kanga yake. Akafumba macho, akafumbua, akawa mtu mwingine. Kweli ana kipaji yule binti, nywele zilinisimama. Machozi yakamjaa. "Mume wangu," akasema, "nilikukumbuka mpaka nikakonda. Watu wote waliniambia hurudi. Mimi moyo wangu ulikuwa unakuona kila siku."

Nje gari likapiga honi. Akasubiri, anamtazama dada Ummy, anataka kujua.

Sikuthubutu kumtazama yeyote. Nilitazama mafiga.

"Octavian alibadilisha kidogo," Theodora akaongeza. "Alisema chumbani yale ya maji bafuni hayakai. Mtu yuko kitandani anazungumzia maji?"

"Ni kweli," dada Ummy akasema. "Umesema vizuri, mdogo wangu. Umesema vizuri sana. Nenda, wasikuache."

Theodora akambusu mkono, akakimbia. Gari likaondoka. Bi Mwanamkuu akaketi ukumbini akiwa amechoka, anasema alhamdulillah, kazi ya mwanangu imekwisha. Dada Ummy akaitikia, "Imekwisha, mama." Kisha akaendelea kukaa pale pale kwenye kigoda, na baada ya muda akasema, si kwangu hasa, "Mimi sikumwambia Mfaume hivyo hata siku moja. Na ningemwambia angecheka."

Tulikirudisha kitanda, mimi na yeye. Sakafuni matope, alama za viatu vya watu wengi, na hewa ina harufu ya poda na nguo mbichi. Alipiga deki mara mbili. Nilitaka kumsaidia, akakataa. Nikakaa mlangoni namnyonyesha Kulwa, namwona anavyoinama na kitambaa, anafika chini ya dirisha, anasimama kidogo, anaendelea.

Jioni simu yangu ikalia, ujumbe wa Octavian. Yuko njiani Nzega. Anasema anayeunganisha picha hatajua sini ile iko wapi, kwa sababu karatasi inasema uani na kamera ina chumba. Dada Ummy abadilishe kichwa, amtumie, basi hatamsumbua tena.

Nikamsomea. Alikuwa amekaa kitandani, pazia limefunguliwa, uani maji yamesimama.

"Andika," akasema. "Ndani."

Nikaandika, kwa herufi kubwa kama inavyotakiwa.

"Chumbani."

"Chumbani kwa nani?" nikauliza. "Kwa Zaituni?"

Akafikiri. Aliutazama ukuta, pale penye msumari mtupu wa kofia, akatazama kitanda kama ndiyo kwanza anakiona.

"Acha hivyo hivyo," akasema. "Chumbani tu."

Nikaandika jioni, nikatuma. Kulwa alikuwa ameshalala mapajani mwangu. Nilitaka nikae na dada Ummy kidogo zaidi, lakini alishajilaza, amegeukia ukutani, kwenye ule upande wa mumewe, nikainuka taratibu nikamrudishia mlango.